Ndege ikianguka kijijini, nani anafika kwanza?

Kila ndege ndogo ikianguka hapa Kenya maswali huwa ni yale yale: ilikuwa ya nani, ndani kulikuwa na mheshimiwa gani, rubani alikuwa na uzoefu kiasi gani. Jioni kwenye taarifa ya habari unaonyeshwa mabaki, askari wamesimama, raia wamejaa pembeni wanatazama. Mimi leo nataka kuongea juu ya hao raia waliojaa pembeni. Kabla askari hajafika, kabla ambulensi haijapata njia, kabla mtu yeyote aliyesomea hii kazi hajapigiwa simu, wao walikuwa tayari wako pale, na walichofanya ama walichokosa kufanya kwa zile dakika chache za kwanza mara nyingi ndicho kinaamua nani anarudi kwake na nani harudi.

Nakaa Nakuru lakini kwetu ni kule Ziwa Victoria, upande wa Suba, na nimekua karibu na kiwanja cha ndege. Ukisikia kiwanja usifikirie Kisumu wala Eldoret. Kule magharibi tuna viwanja vingi vidogo, kuna Kabunde pale Homa Bay, kuna Suneka ya Kisii, kuna Kakamega, Kitale, Busia, kuna vya visiwani Rusinga na Mfangano, halafu kuna vingine ambavyo hata kwenye ramani ya simu huvipati, ni kipande tu cha nyasi kimenyooka, mawe yamepakwa chokaa pande mbili na mfuko wa kuonyesha upepo umeninginia kwenye mlingoti. Hicho cha kwetu ni cha aina hiyo ya mwisho. Asubuhi ng'ombe wanapita, watoto wanakatiza kwenda shule, wamama wanaanika omena kwenye nyavu pale ukingoni kwa sababu ndiyo sehemu pekee iko tambarare na haina kivuli, na jioni vijana wanacheza boli. Ndege ikikaribia, jaduong', yaani mzee, anayelinda kiwanja anatoka na filimbi yake, anafukuza ng'ombe, anafukuza watoto, anapiga kelele wamama watoe nyavu, na kwa muda mfupi kiwanja kinakuwa kiwanja kweli.

Huyo mzee ndiye kila kitu pale. Ndiye anafyeka nyasi kwa slesha, ndiye anafukia mashimo ya fuko, ndiye anampigia rubani simu kumwambia kama mvua imenyesha. Zima moto hakuna. Ambulensi hakuna. Mnara wa kuongoza ndege ndiyo usiseme.

Sasa linganisha na kiwanja kikubwa. Sheria za kimataifa za usafiri wa anga, zile zinazotolewa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinataka kikosi cha zima moto cha uwanja kiweze kufika sehemu yoyote ya njia ya kurukia kwa muda usiozidi dakika 3, na wanapendekeza hata iwe dakika 2. Dakika tatu! Hawakuokota hiyo namba hewani, walijua moto wa mafuta ya ndege hausubiri, na mtu aliyekwama kwenye kiti akivuta moshi hana muda. Kisumu wana magari yao ya zima moto na vijana waliofunzwa wamekaa tayari. Kwetu gari la zima moto la karibu likitoka sasa hivi, na barabara ikiwa kavu, na kusiwe na lori limekwama kwenye matope, bado utakuwa unaongelea saa nzima, labda zaidi. Kwa hiyo tukubali tu ukweli, kwenye hivi viwanja vidogo kikosi cha uokoaji ni majirani. Ni mwenye ng'ombe, ni mama wa omena, ni kijana wa boda.

Nilikuwa nyumbani siku moja ndege ilipotua ikapitiliza mwisho wa kiwanja chetu. Ilikuwa Cessna 206, wale wanaokaa karibu na viwanja wanaijua, ndege ya injini moja, mabawa juu, inabeba rubani na abiria kama watano hivi na mizigo, na huku kwetu ndiyo inafanya kazi kama matatu ya angani kwa sababu inatua popote. Ilikuwa mchana umeshasonga, mvua ilikuwa imenyesha kidogo na kuacha, jua likarudi, na ule upepo wa kutoka ziwani ulikuwa umeamka. Watu wa ziwani tunaujua huo upepo. Asubuhi hewa imetulia kabisa, maji yamelala, lakini nchi kavu ikishapata joto, upepo unaanza kuvuma kutoka majini kuja bara na unaendelea mpaka jioni. Wavuvi wanapanga siku yao yote kwa huo upepo.

Ndege ikaja kutokea upande wa ziwa. Upepo ulikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa kwa kibanda kando ya barabara na nakumbuka jaduong' alivyosimama, filimbi mdomoni, halafu akaitoa mdomoni na kuanza kupunga mikono yote miwili, hapana, hapana, kama mtu anayesimamisha basi. Ndege ilipita juu ya yale mawe ya kwanza ikiwa bado juu, ikaelea, ikaelea tena, magurudumu yakagusa karibu katikati ya kiwanja, ikaruka kidogo, ikagusa tena. Halafu ukaona breki zimeshikwa kwa sababu matairi yalikuwa hayazunguki lakini ndege inaendelea kwenda tu, inateleza kwenye zile nyasi mbichi, hakuna kelele, ni kuteleza tu, mpaka ikafika kwa ule mtaro wa maji ulio mwisho wa kiwanja. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni na kukatika, pua ikachimba udongo, pangaboi la injini pale mbele likajikunja, mkia ukainuka juu na kubaki hivyo hivyo.

Nimesoma sana baadaye kujua kwa nini ilitokea, kwa sababu kiwanja ni kile kile na ndege zilikuwa zikitua pale kila mara bila shida. Mamlaka ya anga ya Uingereza ina mwongozo wa marubani wa ndege ndogo unaoeleza hesabu ya kutua kwa lugha ya kueleweka. Chukua ndege ambayo kitabu chake kinasema itasimama ndani ya mita 400, hiyo ni kwenye usawa wa bahari, lami kavu, hewa ya kawaida, hakuna upepo. Kila futi 1,000 unazopanda kutoka baharini ongeza asilimia 5 ya umbali. Ziwa Victoria liko karibu futi 3,700 juu ya bahari. Kila nyuzi 10 za joto la ziada ongeza tena asilimia 5, na kwetu mchana joto linapita kiwango cha kawaida cha hesabu hiyo kwa nyuzi kama 20. Nyasi zilizolowa, ongeza asilimia 35. Upepo wa nyuma wenye kasi ya sehemu moja ya kumi ya kasi yako ya kutua, asilimia 20. Hizo namba hazijumlishwi, zinazidishana, na ukizidisha zote zile mita 400 zinakuwa karibu 850. Hapo bado hatujaweka kosa lolote la rubani. Hatujasema alikuja kwa kasi, hatujasema alichelewa kugusa chini. Ndiyo maana sipendi watu wakikimbilia kusema rubani alikuwa mzembe, kwa sababu kila kitu kimoja pale kilikuwa kidogo, mvua kidogo, upepo kidogo, joto la kawaida, na vikakutana siku moja.

Dawa ipo na marubani wanaijua, ukiona hujagusa chini kwenye theluthi ya kwanza ya kiwanja unaweka nguvu zote unapaa tena unazunguka. Lakini kwetu kuna mlima upande wa pili, na ukishagusa na kuanza kushika breki hiyo nafasi imepita.

Turudi kwa mtaro. Vumbi halikuwepo kwa sababu ya mvua, kwa hiyo tuliona kila kitu wazi. Kwanza kukawa na kimya, halafu watu wakaanza kukimbia kutoka kila upande, nikiwa mmoja wao, na nilipofika kulikuwa na harufu ya petroli kali na tone linadondoka chini ya bawa la kulia, tone, tone, tone, halafu likawa uzi mwembamba. Mafuta yenyewe ni ya bluu. Hiyo ni avgas, petroli ya ndege za injini za pistoni, inawekwa rangi ya bluu ili mtu asiichanganye na mafuta mengine, na hizi 206 zinabeba zaidi ya lita 300 zikijaa, zote ziko ndani ya mabawa juu ya vichwa vya abiria. Siyo kama yale mafuta ya ndege kubwa ambayo ni ndugu wa mafuta taa. Hii inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali kabisa, sembuse mchana wa ziwani. Na hatua chache kutoka pale kulikuwa na mama anachoma mahindi.

Jaduong' alifanya mambo kwa mpangilio ambao mpaka leo nikifikiria nashangaa. Hakukimbilia watu. Alimwelekezea yule mama filimbi na kumwambia kwa sauti, mwaga maji kwa jiko, sasa hivi. Akamwambia kijana wa boda aliyekuwa amekuja na pikipiki mpaka karibu na bawa, zima hiyo kitu na uirudishe nyuma, na wewe na wenzako simameni hapa mtu asipite. Halafu akaenda mlango wa rubani, akaufungua. Rubani alikuwa na damu usoni, anaongea lakini haeleweki, mikono yake inatafuta kitu hewani. Mzee akapitisha mkono wake mbele ya tumbo la rubani, akavuta kile kitufe chekundu kinachokata mafuta ya injini, akazima swichi kubwa ya umeme, nyekundu pia, halafu ndiyo akafungua mshipi.

Abiria wa nyuma walikuwa wanapiga kelele mlango haufunguki.

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu hii ni habari ambayo ningetaka kila mtu anayeishi karibu na kiwanja aijue. Cessna 206 ina mlango mmoja mbele, upande wa kushoto, wa rubani. Abiria wa nyuma wanatumia mlango wa kulia ambao una vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, na cha mbele ndicho kinafunguka kwanza. Ndege ikitua inashusha flapu, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayokunjuka kwenda chini kupunguza kasi. Na flapu ikishuka inakaa mbele ya mlango. Kipande cha mbele kinafunguka kidogo tu, kinagota kwenye flapu, basi. Mtu aliye ndani anasukuma, anasukuma, anaona mlango umekwama, anachanganyikiwa. Na flapu za hii ndege zinaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo ukishazima umeme ili kuzuia moto, na lazima uzime, flapu haziwezi kurudi juu tena. Yaani ajali ya kutua ndiyo hasa inakukuta na mlango huo ukiwa hivyo. Kule Kanada wachunguzi wa ajali wameandika juu ya mlango huu zaidi ya mara moja, kwa sababu kwao kuna 206 za kutua majini, na kuna watu waliopona kuanguka halafu wakafa maji kwa kushindwa kutoka.

Njia ipo. Unasukuma kipande cha mbele mpaka kigote kwa flapu. Unabaki na mwanya. Unaingiza mkono kwenye ule mwanya, unatafuta mkono mwekundu wa chuma ulio kwenye ukingo wa kipande cha nyuma, unaufungua, halafu unasukuma kipande cha nyuma kinatoka chenyewe. Abiria huelezwa kabla ya kuruka, lakini wewe niambie, nani husikiliza, na hata ukisikiliza utakumbuka ukiwa umening'inia na mshipi umekubana tumbo na petroli inanuka?

Jaduong' alikuwa anajua. Alizunguka nyuma ya mkia, siyo mbele kwenye pangaboi, akafika upande wa kulia, akawapigia kelele wa ndani waache kusukuma, akapitisha mkono wake mwembamba kwenye ule mwanya mpaka kwenye kiwiko, akahangaika kidogo, na mlango wa nyuma ukafunguka. Walitoka wote. Mmoja mguu ulikuwa umevunjika, tukambeba kwa ule ubao mrefu wanaotumia kuanikia samaki, na kwa sababu tone lilikuwa bado linadondoka tulimpeleka mbali kabisa na ndege kabla ya kumgusa mguu. Ndege haikuwaka.

Baadaye nilimuuliza, jaduong', ulijulia wapi mambo ya huo mlango? Akaniambia kulikuwa na rubani mmoja zamani, alikuwa akileta watalii wa kuvua mbuta, na siku moja wakisubiri wageni waliochelewa kurudi kutoka ziwani alimwita akamwambia, mzee, hapa ni mimi na wewe tu, nikianguka nani atanitoa? Akamwonyesha swichi. Akamwonyesha kitufe chekundu. Akashusha flapu akamfungia ndani na kumwambia sasa toka. Akarudia mpaka mzee akaweza akiwa amefumba macho. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, miaka mingi iliyopita, na rubani huyo hajawahi kurudi kujua kwamba darasa lake lilifanya kazi. Mimi hiyo ndiyo habari iliyonifanya niandike haya yote. Ule ujuzi ulikuwa kwenye kichwa cha mzee mmoja tu. Angekuwa ameenda matanga siku hiyo, tungesimama pale sisi wote, wengi, wenye nguvu, wenye nia nzuri, tukivuta mlango usiofunguka.

Na siyo mlango tu. Wakati mzee anahangaika, tayari kulikuwa na vijana wawili wamekuja na mitungi. Sitaki kuwatukana, nawajua, lita chache za petroli kwao ni pesa. Wale wa boda waliwazuia kwa nguvu. Lakini sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kuelezwa hiyo hadithi inaishaje. Januari 31, 2009, pale Sachang'wan kwenye barabara ya kwenda Eldoret, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na mitungi na beseni, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kila nikipita pale nikienda nyumbani watu wote kwenye gari huwa wananyamaza. Wale waliokufa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa majirani wa ajali, kama sisi tulivyokuwa majirani wa ile ndege, na hakuna mtu alikuwa amewahi kukaa nao chini kuwaambia mvuke wa petroli unatambaa chini kama maji na unaweza kukuta cheche mbali na pale unapochota.

Busia wanajua pia. Januari 24, 2003, serikali ya Kibaki haijamaliza hata mwezi, mawaziri walikuwa wamekuja kwa sherehe, na ndege yao ikagonga nyaya za stima muda mfupi baada ya kuruka kutoka kile kiwanja. Waziri wa Leba Ahmed Khalif akafariki pamoja na marubani wawili, wengine kama Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo wakatoka na majeraha. Na hapa Nakuru mjini bado kuna watu wanaomtaja Mirugi Kariuki, mbunge wetu, aliyekufa Aprili 10, 2006 ndege ya jeshi ilipokuwa inajaribu kutua Marsabit kwenye hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa siku hiyo, viongozi waliokuwa wanaenda kutafuta amani. Ajali kama hizi zilitikisa nchi nzima na kukawa na mazungumzo juu ya ndege, juu ya marubani, juu ya hali ya viwanja, na ni sawa, yanahitajika. Ila sikumbuki kusikia mtu akiuliza wanaoishi pembeni ya hivyo viwanja wamefundishwa nini.

Hata ukirudi nyuma kabisa ni vile vile. Rubani Beryl Markham alikulia hapa Njoro, babake alikuwa na shamba na farasi, na mwaka wa 1936 akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, safari ya zaidi ya saa 20, mafuta yakakataa kufika kwenye injini na akaishia pua chini kwenye bwawa la matope kule Nova Scotia, Kanada. Waliomkuta ni wavuvi wa pale. Wavuvi! Ukitua vibaya mahali pa mbali utaokolewa na mtu mwenye nyavu, iwe Kanada ama Suba.

Kuna jambo lingine ambalo linaniuma. Kesho yake asubuhi vitu vidogo vidogo kwenye ile ndege vilikuwa vimepungua. Kifuniko, kipande cha bati, vifaa vya sauti vya rubani. Watu wanachukua kama ukumbusho ama kuuza kwa chuma chakavu, na hawajui kwamba wachunguzi wa ajali za ndege wa serikali watakuja kusoma kila kitu kilivyolala, swichi iko wapi, flapu imeshuka kiasi gani, alama za matairi zinaanzia wapi kwenye nyasi. Uchunguzi wa ndege kwa sheria ya kimataifa hautafuti wa kufunga jela, unatafuta sababu ili isitokee tena. Ukibeba kipande umebeba jibu. Watu wakielezwa hivyo wanaelewa, nimewaeleza wachache na wameelewa mara moja, mmoja alirudisha alichokuwa nacho bila kuulizwa.

Kwa hiyo tumeanza kitu. Chifu amekubali kutupa nafasi kwenye baraza, na wale wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba wako tayari kuja, kwa sababu mambo ya kumbeba mtu aliyeumia shingo wao wanayajua kuliko mimi. Nataka jaduong' ndiye aongee, kwa Kijaluo, kwa mpangilio ule ule alioufanya siku ile. Moto na sigara na pikipiki zizimwe kwanza, simu isiyo na kazi iwekwe mfukoni. Mtu mmoja apige 999 ama 112, ama 1199 ya Msalaba Mwekundu, aseme jina la kiwanja na njia gani inapitika. Usipite mbele ya pangaboi hata kama limesimama, kwa sababu injini za aina hii zinaweza kushtuka na kulizungusha ukiligusa. Swichi nyekundu, kitufe chekundu. Mlango. Kama kuna moto ama mafuta yanamwagika mtoe mtu haraka hata kama ameumia, kama hakuna basi mwache alale vile alivyo, mshike kichwa kisiyumbe, ongea naye. Halafu fungeni kamba mlinde ile ndege mpaka wachunguzi wafike.

Shida ni kwamba huwezi kufundisha mlango kwa maneno. Nimejaribu kuwachorea vijana wa boda kwenye mchanga na kijiti na wanatikisa kichwa kwa heshima tu. Mkono lazima uguse kile chuma. Marubani wanaotua kwetu nimewaomba wakae angalau robo saa wakishazima injini, wawaite vijana, wawafungie ndani flapu zikiwa chini. Mmoja ameshafanya na watu walipanga foleni. Na fundi mmoja kule uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ameniambia milango ya 206 zilizokufa huwa inalala nyuma ya hanga, vipande vyote viwili na ule mkono mwekundu ukiwa bado mzima. Tunatafuta hata mmoja. Tutaufunga kwenye fremu ya mbao nje ya ofisi ya chifu, na ubao uliopigiliwa mbele yake pale flapu ingekuwa, na usafiri kutoka Nairobi mpaka Mbita wenye matatu wamesema watatubebea bure.